Kishikwambi cha Projestus na Mayai ya Bata

Kuku alimdonoa Projestus mkono. Projestus hakujali. Aliendelea kumwekea mayai, ya kuku katikati na ya bata pembeni. Kuku alilalamika kidogo, kisha akajitandaza juu ya yote.

"Umemtwisha na ya bata?" aliuliza mama yake.

Mama huyo anaitwa Adventina, lakini kijiji kizima pale Murusagamba humwita Bibi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, akimenya ndizi za mchana.

"Kuku ni mmoja, mama, na joto ni moja," alijibu Projestus. "Kwa nini nitafute bata wa kutamia?"

Bibi hakubishana naye. Mtu mzima haambiwi, hutegewa.

"Kitendawili!" alisema Bibi.

"Tega!"

"Mama mmoja kabeba mimba mbili. Moja kaizaa, nyingine kaitupa."

Projestus aliwaza. "Mbuzi?"

"Siyo."

"Mgomba?"

"Mgomba gani unatupa mtoto wake? Umeshindwa. Nipe mji."

"Haya, nakupa Biharamulo."

"Biharamulo nina ndugu wengi, watanimaliza kwa kunikaribisha. Nipe mwingine."

"Basi nakupa Ngara, na ofisi zake zote."

Bibi alifurahi. "Nimekwenda Ngara, nimekaa kule kilimani, nimekula nimeshiba."

"Sasa nipe jibu, mama. Mji umeshaula!"

"Nimeula, ndiyo. Jibu bado liko jikoni, linaiva."

Ndivyo walivyoishi katika nyumba ile, kwa kazi na utani. Projestus na mke wake Suzana walilima ndizi, maharage na mihogo. Binti yao mkubwa, Scholastika, alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha kilimo. Wakati huo alikuwa nyumbani kuandika ripoti yake. Ripoti hiyo ilihusu mnyauko wa migomba. Scholastika alikuwa amezunguka mashamba mengi ya Murusagamba, amehesabu migomba mizima na migonjwa, na kuziingiza hesabu zote katika kompyuta.

Ripoti ilitakiwa kufika chuoni kwa mtandao siku ya Ijumaa, kabla ya saa kumi jioni. Ikichelewa, Scholastika angerudia mwaka mzima. Kila mtu nyumbani alilijua jambo hilo. Hata Bibi alilitaja katika sala ya kabla ya kula.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu na nzito kama jiwe la kusagia. Betri yake ilikufa zamani. Bila waya wa umeme, haikuwaka. Kila siku Scholastika aliibeba hadi kibanda cha jirani yao Gaudence. Gaudence alikuwa na umeme wa jua. Alichaji simu za watu, alitoa nakala za karatasi, na alifundisha vijana kompyuta.

Suzana naye alikuwa na kifaa chake kidogo. Alipewa na dada yake, Sista Agness. Kilikuwa cha kusomea vitabu tu. Hakikuimba wala hakikupiga simu, na picha zake hazikuwa na rangi. Suzana alikiita kisomeo. Alikwenda nacho shambani, na wakati wa kupumzika alisoma chini ya jua kali bila shida. Akikichaji leo, kilidumu wiki kadhaa.

Wiki zilipita. Kuku aliendelea kutamia. Jumatatu ya wiki ya kutuma ripoti, Scholastika alikwenda Ngara mjini kumwona mwalimu anayemsimamia. Kompyuta aliiacha nyumbani.

Siku iliyofuata, Projestus alijiandaa kwenda mnadani Nyakahura. Mnada uliopita alimwona huko mfanyabiashara mmoja, Desderius. Desderius alikuwa na kishikwambi kipya, chembamba kama sahani. Alikipitisha mbele ya watu huku akisema kwa sauti: "Kimoja, kazi kumi! Kinapiga picha! Kinasoma vitabu! Kinaandika! Kompyuta ya nini tena? Kisomeo cha nini?"

Maneno yale yalikuwa yamemwingia Projestus. Sasa aliifunga kompyuta ndani ya gunia, akamgeukia mke wake.

"Mama Scholastika, nipe na kile kisomeo chako. Nakwenda kuvibadilisha vyote viwili na kitu kimoja cha maana."

"Umemuuliza mwenye kompyuta?" aliuliza Suzana.

"Nakwenda kumletea zawadi. Mtu huulizwa zawadi?"

Suzana alikishika kisomeo kwa muda. Alikifuta kioo kwa pindo la kitenge chake, akampa mume wake. Hakusema neno. Projestus alidhani kimya kile ni ndiyo.

Jumatano jioni Scholastika alirudi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu! Keti. Fumba macho."

Projestus alimwekea kishikwambi mapajani. Scholastika alifumbua macho, akatabasamu. "Kizuri, baba! Cha nani?"

"Chako. Na cha mama yako. Ile kompyuta nzito na kisomeo nimevibadilisha. Hiki kinafanya kazi zote."

Tabasamu la Scholastika liliganda usoni.

"Baba, kompyuta iko wapi?"

"Nyakahura, kwa Desderius."

"Na hesabu zangu?"

"Hesabu gani?"

"Za migomba! Zote zimo mle ndani!" Sauti ya Scholastika ilipanda. "Kwenye flashi nina maneno tu. Majedwali yamo kwenye kompyuta. Baba, leo ni Jumatano!"

Projestus alichomoa simu yake mfukoni. Alipiga simu kwa Desderius. Simu haikupatikana. Alipiga tena, ikawa vilevile.

Walikimbilia kwa Gaudence. Gaudence alikuwa anafunga kibanda, lakini alipomwona Scholastika alifungua tena. Alitoa waya mfupi, akaunganisha flashi na kishikwambi. Maneno ya ripoti yalifunguka.

"Si nilisema?" alisema Projestus. "Kinaweza!"

"Ngoja, baba," alisema Gaudence. "Scholastika, andika."

Scholastika alikuwa bado na karatasi za shambani. Alianza kuziandika upya hesabu zake. Mara herufi za kuchapia zikajitokeza kwenye kioo, zikafunika nusu ya ukurasa. Akagusa hapa, jedwali likaruka. Akagusa pale, namba zikajipanga hovyo. Kwenye kompyuta alizoea kufungua kurasa tatu na kuzitazama pamoja. Hapa kila alipofungua moja, nyingine ilipotea nyuma.

"Kibaya?" aliuliza Projestus kwa sauti ndogo.

"Si kibaya," alijibu Gaudence. "Mzee, wewe una kisu cha kumenyea ndizi na una panga. Vyote vinakata. Utakata mgomba kwa kisu cha kumenyea?"

"Nitakata. Ila nitakesha."

"Basi ndiyo hivyo. Kishikwambi kinaandika barua fupi vizuri. Kinapiga picha ya jani lenye ugonjwa, kinaituma kwa bwana shamba papo hapo. Ukikinunulia batani zake za kuchapia, kitaandika zaidi. Lakini ripoti ndefu yenye majedwali kama haya inataka kompyuta. Usiulize kipi ni bora. Uliza, kazi gani?"

Scholastika aliandika hadi chaji ilipoisha. Hakuwa amefika hata robo.

Waliporudi nyumbani, wadogo zake walikivamia kishikwambi. "Kina michezo? Tuoneshe!" Bibi aliwafukuza. "Tokeni! Hiki ndicho kimebeba mwaka wa dada yenu." Alikichukua, akakifunga kwa kitambaa safi.

Na hapo Bibi, kwa mapenzi yake yote, alikosea.

Jikoni kwake, juu ya moto, kulikuwa na uchaga wa miti. Huko ndiko alikoweka mbegu za maharage na mahindi, ili moshi uzikinge na wadudu. Katika maisha yake yote, kitu cha thamani alikiweka pale. Watoto hawakufika, panya waliogopa, na unyevu haukupanda. Basi akakipandisha kishikwambi juu ya uchaga, kati ya mbegu. Chini yake alisukuma gogo motoni, maharage yaive taratibu mpaka asubuhi.

Alhamisi asubuhi, Projestus aliamshwa na sauti ya Scholastika.

"Baba! Njoo!"

Kishikwambi kilikuwa cha moto kama chungu. Mgongo wake ulikuwa umevimba, na kioo kilianza kuachia pembeni. Bibi alisimama mlangoni, mikono kichwani.

"Mimi nilikihifadhi," alisema. "Jamani, nilikihifadhi!"

"Nikiunganishe na chaji tuone?" aliuliza Projestus.

"Usikichaji!" Gaudence alikuwa ameingia uani, maana kelele zilimfikia. "Kisichajiwe, kisitobolewe, kisibonyezwe. Betri iliyovimba inaweza kuwaka moto. Kipelekeni nje, mbali na nyumba, kikae juu ya udongo mkavu."

Suzana alikibeba kwa koleo kama mtu anayebeba kaa la moto. Watoto walirudishwa nyuma. Bibi alikaa chini.

"Mama, hukujua," alisema Projestus.

"Na wewe hukujua," alisema Bibi. "Sasa mwaka wa mtoto unaliwa na wasiojua wawili."

Projestus aliangalia pembeni. Kwenye kona ya jikoni, kuku alikuwa amesimama. Vifaranga wake walikuwa wametoka. Alitoka nao nje, akiwafundisha kuchakura. Nyuma yake mayai ya bata yalibaki peke yake. Projestus aliyaona, lakini siku hiyo hakuwa na nafasi ya mayai.

Alipiga simu tena, na ya Desderius sasa iliita.

"Desderius! Ile kompyuta iko?"

"Iko, mzee. Imepata mteja. Fundi anakuja mchana huu kuifuta yote iliyomo, iwe safi."

"Usimruhusu! Desderius! Kuna kazi ya..."

Mtandao ulikatika.

Walichukua bodaboda mbili, moja ya baba na moja ya binti. Barabara ya kutoka Murusagamba ilikuwa na mashimo na tope la mvua. Projestus alishika kiti kwa mikono miwili. Kila walipopanda kilima alijaribu simu, na kila kilima kilikuwa kimya.

Kabla ya kufika lami, gurudumu la bodaboda yake lilipasuka. Scholastika aligeuka kumtazama.

"Nenda!" alipiga kelele Projestus. "Usinisubiri! Ukifika, mwambie mimi ni baba yako, na makosa ni yangu!"

Pikipiki ya binti ilipotea kwenye kona. Projestus alitembea kwa miguu, viatu vikiwa vizito kwa tope. Alimkumbuka Scholastika akiwa amechutama kwenye mashamba ya watu, akihesabu mgomba mmoja mmoja, jasho likimtiririka. Alikumbuka pia jinsi Suzana alivyokifuta kile kisomeo kwa kitenge. Njia nzima alijiambia: kuuliza kungenigharimu nini?

Alipofika barabara ya lami, lori la mkaa lilimchukua. Alifika Nyakahura jua likiwa limepita utosi. Mbele ya duka la Desderius watu walikuwa wamekusanyika, na wengine walicheka.

"Ndiye huyu baba yake!" alifoka Desderius. "Mzee, binti yako amevamia duka langu!"

Projestus alijipenyeza ndani. Kompyuta ilikuwa mezani, kioo cheusi. Fundi alisimama pembeni ameduwaa. Scholastika alikuwa ameketi sakafuni, ameukumbatia waya wa umeme kifuani kama mtoto mchanga.

"Imefutwa?" aliuliza Projestus. Alikuwa akihema.

"Nilifika kidole cha fundi kiko hewani," alisema Scholastika. "Kompyuta ilikuwa inamuuliza, una uhakika unataka kufuta? Sikuwa na muda wa kueleza. Nikang'oa waya."

Watu walicheka tena. Projestus alielewa polepole. Ile betri iliyokufa, ambayo aliidharau, ndiyo iliyookoa. Waya ulipotoka, kompyuta ilizima papo hapo.

"Iwasheni," alisema. "Tafadhali."

Fundi aliunganisha waya. Kompyuta ilikoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena. Duka lote lilinyamaza pamoja nayo. Kisha kioo kikawaka, na Scholastika akafungua kazi yake. Majedwali yalikuwepo. Migomba yote ilikuwepo, mizima na migonjwa.

Scholastika alilia. Projestus aligeuka kumtazama Desderius.

"Ndugu yangu, mimi ndiye niliyekosea. Nilibadilisha mali isiyo yangu. Nina beberu mzuri nyumbani. Mchukue, unirudishie kompyuta na kisomeo."

"Na kishikwambi?"

"Kimevimba. Tulikianika juu ya moto."

"Mlikianika!" Desderius aliangua kicheko. "Watu wa Murusagamba! Mlidhani ni samaki?"

Hata Scholastika alicheka katikati ya machozi. Desderius alijikuna kidevu.

"Beberu nakubali. Kisomeo chenu hiki hapa. Kila mtu anakishika, anauliza, kina muziki? Kina mpira? Akisikia ni vitabu tu, anakirudisha. Kishikwambi leteni baadaye, fundi atatafuta betri. Sasa binti, kaa mezani. Siyo sakafuni."

Scholastika alifanya kazi pale dukani mpaka jioni. Walilala kwa katekista, jamaa ya Suzana. Ijumaa asubuhi aliketi tena mezani. Alipanga majedwali na kuweka picha za migomba. Kila alipomaliza ukurasa alihifadhi, na nakala aliiweka kwenye flashi.

Saa saba mchana, umeme ulikatika.

Kioo kikawa cheusi. Projestus alisimama. Mtaa mzima wa Nyakahura redio zilikuwa zimenyamaza.

"Imepotea?" aliuliza.

"Hapana, nimehifadhi," alisema Scholastika. "Lakini bado hitimisho. Na bila umeme siwezi kutuma."

Saa nane ikafika. Umeme bado. Projestus alitoka nje, akaingia, akatoka tena. Desderius alimtazama kwa muda, kisha akaenda nyuma ya duka. Walisikia kamba ikivutwa. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili kimya. Kisha jenereta likaunguruma.

"Mafuta ni kidogo!" alisema Desderius. "Binti, andika haraka!"

Scholastika aliandika. Vidole vyake vilikimbia, na Projestus aliviangalia kama mtu anayeangalia penalti. Simu ya Desderius iliipa kompyuta mtandao. Scholastika alibonyeza. Alama ya kutuma ilizunguka, ikasimama, ikazunguka.

"Imekwenda," alisema.

Jenereta lilikohoa, likazima lenyewe. Saa kumi ilikuwa bado haijafika.

Miezi michache baadaye, Scholastika alihitimu. Sasa ni bwana shamba, au kama Bibi anavyosema, bibi shamba. Kishikwambi kilipata betri mpya na kazi yake halisi. Projestus hukitumia kupiga picha ya mgomba anaoutilia shaka, na kuzungumza na binti yake wakionana nyuso. Hakipandi tena juu ya uchaga. Kina kamba yake ukutani, katika chumba chenye kivuli. Kompyuta hukaa kwa Gaudence, na vijana wa kijiji hujifunza kuandika humo. Kila kazi muhimu huwekwa nakala mahali pawili.

Siku moja mchana, Suzana alikuwa ameketi uani kwenye jua kali, anamsomea Bibi kitabu. Projestus alichukua kishikwambi, akaketi karibu yake, akafungua kitabu kilekile. Hakuona neno. Kioo kiling'aa kama kioo cha kujitazamia, akauona uso wake mwenyewe.

"Mama Scholastika, hiki hakisomeki hapa."

"Najua," alisema Suzana bila kuinua macho. "Nilijua tangu siku ile."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Projestus alikilaza kishikwambi mapajani. Kisha akasema, "Sasa nauliza. Nisogee, nisome na wewe?"

Suzana alimpisha kwenye mkeka.

Bibi alikohoa. Kwenye kona ya ua, bata jike alikuwa ametulia juu ya mayai yake mwenyewe, na kuku alikuwa na ya kwake ng'ambo ya pili.

"Mama," alisema Projestus, "nirudishie mji wangu wa Ngara. Jibu ninalo."

"Sema."

"Ni kuku aliyetamia mayai yake na ya bata pamoja. Vifaranga wake walitoka wiki ya tatu, akaondoka nao. Ya bata yalitaka wiki ya nne. Akayaacha yakapoa."

Bibi alipiga makofi. "Chukua mji wako, mwanangu, na ofisi zake zote! Na kuku wangu, ana kosa gani?"

Projestus alikitazama kishikwambi mapajani mwake.

"Hana kosa, mama. Kosa ni la aliyempangia mayai."